Maswali yenu: Wakulima, manabii na wafalme wa China

Tangu niandike kuhusu maasi ya wakulima wa China waliofuata manabii, waganga na watawa, barua zimemiminika. Nusu yake zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: watu wale walikuwa wajinga kiasi gani? Nitajibu, ila kwa njia yangu. Maswali marefu nimeyafupisha, na matusi nimewaachia wenyewe.

Mwalimu, ni kweli waasi wa China walipewa dawa ili risasi isiwapate? (Msomaji wa Morogoro, na wengine wengi mno)

Baadhi yao, mwaka 1774 na tena mwaka 1900, ndiyo. Risasi ziliwapata. Lakini maasi haya yanachukua karibu miaka elfu mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na bunduki. Tazameni tarehe kabla ya kuuliza.

Na kabla hamjawacheka wakulima: mwaka 1774 huko Linqing, mkoani Shandong, walinzi wa mji waliona risasi zao haziwapati watu wa Wang Lun, kiongozi wa waasi. Maofisa wa mfalme walifanya nini? Waliwapandisha makahaba ukutani na kumwaga damu ya kuku na ya mbwa ili kuvunja uchawi. Waliotoa amri hiyo hawakuwa wanakijiji wasiojua kusoma.

Zhang Jue aliwezaje kukusanya mamia ya maelfu ya watu bila serikali kujua? (Tanga)

Serikali ilijua, na hapo ndipo penye utamu wa kisa.

Zhang Jue alikuwa mganga wa Julu, kaskazini mwa China, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Han. Mgonjwa alipiga magoti, akaungama makosa yake, kisha akanyweshwa maji ya hirizi. Msomaji wa pwani anayejua kombe hahitaji maelezo zaidi. Aliyepona aliambiwa imani yake ndiyo iliyomponya, na asiyepona aliambiwa hakuamini. Msigunegune. Magonjwa ya kuambukiza yalipita nchini mwaka 171, 173, 179 na 182, na tabibu aliyewafuata watu vijijini hakukosa wafuasi.

Kwa zaidi ya miaka kumi wafuasi wake walifika laki kadhaa katika mikoa minane. Akawagawa katika vikosi 36: kikubwa kilikuwa na watu zaidi ya elfu kumi, kidogo elfu sita au saba, kila kimoja na mkuu wake. Waziri Yang Ci aliiona hatari hiyo, akashauri wafuasi warudishwe makwao taratibu kisha viongozi wakamatwe. Akapuuzwa. Liu Tao naye akaandika waraka wa onyo. Mfalme Ling hakushtuka, ila alimpa Liu Tao kazi ya kupanga kanuni za kitabu cha kale cha historia.

Mfalme huyo alikuwa na shughuli zake. Kuanzia mwaka 178 aliuza vyeo hadharani, na bei ikajulikana: cheo cha ngazi ya mkuu wa jimbo sarafu milioni 20, cha chini zaidi milioni 4. Tajiri alilipa kabisa kabla ya kuapishwa. Asiye na fedha aliruhusiwa kwenda kazini kwanza, kisha alipe mara mbili. Jiulizeni mtu aliyefika wilayani na deni la namna hiyo alipata wapi fedha za kulilipa. Mkinielewa hapo, mmeelewa nusu ya mambo yote nitakayoandika leo.

Zhang Jue alitangaza kwamba mbingu ya samawati imekufa, mbingu ya manjano itasimama, na mwaka wa jiazi neema itashuka duniani. Jiazi ni mwaka wa kwanza katika mzunguko wa Kichina wa miaka 60, na ulikuwa unaangukia mwaka 184. Wafuasi wakaandika neno hilo kwa chokaa kwenye milango ya ofisi za serikali, mpaka mji mkuu Luoyang. Kisha mfuasi mmoja, Tang Zhou, akawachongea. Ma Yuanyi, aliyekuwa akipanga mambo mjini humo, alifungwa kwenye magari ya kukokotwa akachanwa vipande, na watu zaidi ya elfu moja wakauawa. Zhang Jue ikabidi aanze kabla ya siku yake. Watu wakajifunga vilemba vya manjano na kuchoma ofisi. Yeye mwenyewe aliugua akafa mwaka huo huo. Jeshi lilipofika lilifungua jeneza, likakata kichwa na kukipeleka Luoyang.

Ilikuwa dini au njaa? Mimi na mwenzangu tumebishana wiki nzima. (Dodoma)

Mngepumzika tu. China ile ilikuwa na njaa mahali fulani karibu kila mwaka, na mara nyingi watu walikufa kimya au waliondoka kwenda kuomba. Dini nazo zilikuwepo miaka yote, na mara nyingi watu walifukiza ubani wakarudi nyumbani kulala. Tazameni mwaka 1351 jinsi mambo mawili yalivyokutana.

Mto Huang He ulikuwa umevunja kingo zake mwaka 1344. Baada ya miaka saba ya mafuriko, utawala wa Wamongolia ulimpa Jia Lu kazi ya kuurudisha mto kwenye njia yake. Wakakusanywa wakulima laki moja na nusu, na askari elfu ishirini wa kuwasimamia. Posho yao ililiwa na wasimamizi. Wakati huo huo kulikuwa na wimbo vijijini kuhusu mtu wa jiwe mwenye jicho moja: siku atakapotikisa Mto Huang He, nchi nzima itaasi. Na kweli, wachimbaji wakichimba mtaro wakakuta sanamu ya jiwe yenye jicho moja.

Sasa niambieni, nani aliichonga? Mwenye njaa hana nafasi ya kuchonga sanamu na kuizika kwenye njia ya mtaro. Han Shantong ndiye aliyekuwa na watu. Ukoo wake ulikuwa wa wafukiza ubani kwa vizazi kadhaa, na babu yake alihamishwa kwa lazima kwa kosa hilo. Walihubiri kwamba Maitreya, Budha ajaye, yu karibu kushuka. Han Shantong alikamatwa akauawa mapema, lakini mwenzake Liu Futong aliteka mji wa Yingzhou, na vitambaa vyekundu vikaenea vichwani mwa watu.

Kwa hiyo njaa ilileta watu, serikali kwa mkono wake ikawakusanya mahali pamoja na kuwaibia posho, na kikundi cha sala kikawa tayari na viongozi, ishara na tarehe. Mwenzako anayesema dini ilikuwa kisingizio tu hajaeleza kwa nini waliokuwa na kisingizio ndio walioasi na wasiokuwa nacho hawakuasi. Wewe unayesema ilikuwa imani tupu hujaeleza ile posho.

Niongeze ambalo hamkuuliza. Mkulima wa China hakuwa na chama, baraza wala gazeti. Malalamiko aliyapeleka kwa ofisa yule yule aliyemwibia. Mahali pekee alipoweza kukaa na watu wa kijiji cha pili bila kuulizwa ni penye sala, mfungo na mazishi. Serikali yoyote inayopiga marufuku mikutano yote isipokuwa ya ibada inajichagulia yenyewe wapinzani wa aina gani itakuwa nao.

Zhu Yuanzhang alikuwa mtawa maskini, akaingia kwa Vilemba Vyekundu, akawa mfalme. Si ushahidi kwamba dini ile ilishinda? (Nairobi)

Alishinda yeye. Mwaka 1344 ukame na maradhi vilimwua baba yake, mama yake na kaka yake. Akapokewa katika hekalu, ambalo nalo halikuwa na chakula, wakamtuma barabarani na bakuli. Mwaka 1352 alijiunga na waasi huko Haozhou, na kwa miaka mingi aliandika tarehe kwa kalenda ya mfalme wao, Han Lin'er, mwana wa yule Han Shantong. Alipokuwa karibu kushika nchi, alituma mtu kumsindikiza kijana huyo kwa mashua. Mashua ikazama katika mto Yangtze. Mwaka 1368 Zhu akatangaza utawala wa Ming, na sheria yake ikawa wazi: viongozi wa vikundi vya Maitreya na mfano wake wanyongwe, wafuasi wapigwe viboko mia na kuhamishwa mbali. Hakuna aliyejua kuliko yeye vikundi hivyo vinaweza nini.

Mbona hutaji wanawake? (Msomaji wa kike, Zanzibar)

Umenikumbusha jambo jema, dada. Mwaka 1420 Shandong ilikuwa imechoshwa na kazi za lazima za Mfalme Yongle: mji mkuu mpya Beijing, mfereji mkuu, vita vya kaskazini. Tang Saier, mjane, akaitwa Mama wa Budha. Ilisimuliwa kwamba aliokota upanga na kitabu katika ufa wa mwamba, na kwamba akikata karatasi zinageuka askari. Jeshi likawavunja watu wake, ila yeye hakupatikana. Mfalme akadhani amejificha kati ya watawa, akaamuru watawa wa kike wa Beijing na Shandong wakamatwe na kuhojiwa. Hata hivyo hawakumpata.

Mwingine ni Wang Cong'er. Mumewe, Qi Lin, aliuawa na serikali huko Hubei mwaka 1796 kwa kuongoza kikundi cha dini. Mjane akashika jeshi akiwa binti wa miaka ishirini hivi, akawakimbiza majenerali wa mfalme mikoa mitatu. Alizingirwa mwaka 1798 akajirusha gengeni.

Msidhani ni bahati. Katika hekalu la ukoo mwanamke alikaa nyuma. Katika vikundi hivi aliweza kuwa mwalimu na kupokea wafuasi, wa kiume pia. Aliyemwabudu Mama wa Milele, mungu wa kike wa vikundi vingi vya namna hii, anayewangoja watoto wake nyumbani hakuona ajabu kuongozwa na mwanamke.

Je, Yungiyungi Jeupe lilikuwa shirika moja la siri lililodumu miaka mia tano? (Kampala)

Hapana. Hilo ni shirika la kwenye mafaili. Ofisa aliyekuta watu wasiokula nyama wakisoma kitabu asichokijua aliwaandika jina hilo la dini iliyopigwa marufuku (Waingereza huita White Lotus), na kosa likawa tayari na adhabu yake. Vikundi vilikuwa vingi, vidogo, kila kimoja na mwalimu wake, na vingi havikujuana.

Soma vita vya 1796 hadi 1804 uone faili linavyozaa waasi. Milima ya mpakani mwa Hubei, Sichuan na Shaanxi ilikuwa imejaa wahamiaji maskini. Serikali ikaagiza vikundi vya dini visakwe. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba, aliyetoa fedha akaachwa, asiye nazo akaandikwa kuwa wa Yungiyungi Jeupe. Watu wakaona heri wawe kweli. Kiongozi mmoja, Wang Sanhuai, alikamatwa mwaka 1798 akapelekwa Beijing. Husimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini aliasi alijibu kuwa maofisa ndio waliowalazimisha watu, na kwamba Sichuan nzima ilikuwa na ofisa mwema mmoja tu, aitwaye Liu. Mfalme Jiaqing alimwelewa. Baba yake alipofariki mwaka 1799 alimwamuru Heshen, kipenzi cha baba yake na mkuu wa walarushwa wote, ajinyonge. Vita hivyo vilimeza zaidi ya taeli (kipimo cha Kichina cha uzito) milioni 100 za fedha, na utawala wa Qing, uliofuata ule wa Ming, haukupata tena hazina kama ile.

Hong Xiuquan alidai kuwa mdogo wake Yesu. Alikuwa Mkristo au mwendawazimu? (Bukoba)

Swali hili lina majibu mawili tu kwa sababu wewe umelipa mawili.

Hong, kiongozi wa maasi ya Taiping, alizaliwa mwaka 1814 mkoani Guangdong, Mhakka (jamii ya Wachina wa kusini wenye asili ya uhamiaji), mtoto aliyetegemewa na ukoo kufaulu mitihani ya utumishi. Alianguka mara nne. Baada ya kuanguka mwaka 1837 aliugua, akaota mzee mwenye ndevu za dhahabu akimpa upanga wa kuua mashetani. Mwaka 1843 akasoma vijitabu vya Kikristo alivyopewa zamani na kuviweka tu, akaona vinaieleza ndoto yake: mzee ni Mungu, mwanawe mkubwa ni Yesu, yeye ni wa pili. Mwaka 1847 alikwenda kwa mmisionari wa Kimarekani, Issachar Roberts, huko Guangzhou. Roberts akakataa kumbatiza.

Lakini Hong peke yake angebaki mwalimu wa kijijini mwenye ndoto. Aliyejenga jumuiya ni rafiki yake Feng Yunshan, huko Guangxi, kati ya Wahakka waliogombania ardhi na wenyeji, wachoma mkaa na wachimba madini. Mwanzoni mwa 1851 wakatangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu huko Jintian. Machi 1853 waliteka Nanjing. Walipiga marufuku kasumba na kufunga miguu ya wanawake, wakaandika sheria ya kugawa ardhi sawa ambayo haikutekelezwa, na wakawatenganisha waume na wake zao kambini huku viongozi wao, waliojiita wafalme, wakioa wake wengi.

Nataka mkione kisa kimoja kwa karibu. Yang Xiuqing, mchoma mkaa wa zamani, alikuwa na kipaji: Mungu Baba alikuwa akisema kwa kinywa chake. Mwishoni mwa 1853 Mungu aliingia kwake akamkaripia Hong kwa kuwatendea vibaya wanawake wa ikulu, akaamuru apigwe viboko arobaini. Wakubwa wakalia, wakaomba wapigwe badala yake. Hong akalala chini tayari kupigwa, ndipo Mungu akasamehe. Angefanya nini? Akisema Yang ni mwongo, ndoto yake mwenyewe itasimama juu ya nini? Alingoja. Septemba 1856 Yang aliuawa pamoja na maelfu ya watu wake, muuaji Wei Changhui naye akauawa baadaye mwaka huo, na jenerali hodari Shi Dakai akaondoka na jeshi lake. Ufalme ukaendelea hadi 1864, lakini ulikuwa umejikata mkono.

Kama mtu hodari anakujia akisema Mungu amemwambia nawe ufanye hivi, kumbuka kwamba kesho atatokea wa pili aliyeambiwa vingine.

Mkristo? Alisoma Biblia kuliko wengi wanaoniandikia, akaisahihisha kwa mkono wake palipompinga. Mwendawazimu? Haitoshi kueleza miaka kumi na minne ya vita na vifo ambavyo kwa kawaida hukadiriwa kuwa milioni 20 hadi 30, wengi kwa njaa na maradhi. Mwingereza Charles Gordon, aliyeongoza kikosi kilichowasaidia Qing kuwamaliza, aliuawa Khartoum Januari 1885 na watu wa Mahdi. Hao hakuwaweza.

Je, Kinjikitile aliiga Mabondia wa China? (Songea, Lindi, Dar es Salaam, tena Songea)

Hapana. Hakuna uzi wowote kutoka Shandong hadi Ngarambe, na tafadhali msiniandikie tena kuhusu hili.

Kilichofanana ni adui na hali. Mabondia, yaani Yihetuan, walikuwa vijana wa vijijini waliopandwa na roho za mashujaa wa michezo ya jukwaani, Guan Yu na nyani Sun Wukong, wakiamini silaha haziwadhuru. Hawakuwa na nabii mmoja, na walidai kuulinda utawala wa Qing dhidi ya wageni. Mwaka 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa Shandong, Ujerumani ikapata kisingizio cha kuteka ghuba ya Jiaozhou. Kisha ikaja ukame mkali, na mabango yakisema mvua imezuiwa na dini ya kigeni. Kwetu, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba ya lazima. Anayesema Maji Maji ilisababishwa na maji hajawahi kulima shamba la mtu mwingine kwa kiboko.

Uzi wa kweli mmoja upo, na haupiti kwa waganga. Lothar von Trotha aliongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kuanzia 1894 hadi 1897, akaenda China mwaka 1900 kuwapiga Mabondia, na mwaka 1904 akatumwa Namibia, alikotoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Wanaotafuta nani aliyebeba mafunzo kutoka bara moja hadi jingine waanzie kwa maofisa wa namna hiyo.

Waislamu wa China nao hawakuasi? (Lamu)

Waliasi. Du Wenxiu alitawala Dali, mkoani Yunnan, kuanzia 1856 hadi 1872, baada ya ugomvi wa migodi na mauaji ya Waislamu mjini Kunming. Ila yale yalikuwa zaidi mambo ya jamii mbili kuuana huku maofisa wakipendelea upande mmoja. Nitayaandikia peke yake.

Shikamoo Mwalimu. Naomba sababu tano, matokeo matano na umuhimu wa maasi haya, mtihani ni kesho.

Marahaba. Sina tano.

Kuna hata moja kati ya hizi dini za waasi iliyoishia vizuri? (Mombasa)

Moja, na watu hawaiulizii kwa kuwa haina damu ya kutosha. Wakati wa Zhang Jue kulikuwa na kundi jingine la Kitao (dini ya kale ya Kichina) upande wa magharibi, Pishi Tano za Mchele, kwa sababu aliyejiunga alitoa kiasi hicho. Zhang Lu, kiongozi wake, alitawala bonde la Hanzhong kwa karibu miaka thelathini bila maofisa wa serikali. Wazee wa dini ndio waliosimamia. Barabarani kulikuwa na nyumba za wageni zisizo na malipo, mchele na nyama vimewekwa, msafiri ajilie ashibe. Aliyezidisha, pepo walimpa ugonjwa. Mwenye kosa dogo alitengeneza barabara hatua mia, kosa likafutwa. Mkosaji alisamehewa mara tatu kabla ya kuadhibiwa.

Mwaka 215 Cao Cao, jemadari aliyeishika serikali ya Han mkononi, alikuja na jeshi. Washauri wakasema maghala yachomwe. Zhang Lu akakataa, akasema mali hii ni ya nchi, akayafunga kwa lakiri akaondoka. Cao Cao alipoyakuta mazima alimtumia watu wa kumtuliza, akampa cheo yeye na wanawe watano, na akamwoza mwanawe binti wa Zhang Lu. Wafuasi wengi walihamishwa kaskazini na dini yao, na makuhani wa Kitao wanaojinasibisha na ukoo huo wapo hadi leo. Lakini msimfanye Cao Cao mtu wa huruma. Miaka 23 kabla ya hapo alikuwa amewapokea Vilemba vya Manjano wa Qingzhou waliosalimu amri, akachagua walio hodari, akawafanya jeshi lake mwenyewe.